Matanga Yakishaanuliwa (Tiba Shufaa, Sehemu ya Tatu)

Wiki iliyopita tulimwacha mgonjwa akikata roho nyumbani kwake, kati ya jamaa zake. Wengi hudhani kazi ya hospisi, yaani kumtuliza mgonjwa asiyetarajiwa kupona, nayo hukomea hapo. Cicely Saunders, aliyefungua hospisi ya St Christopher's mjini London mwaka 1967, hakuona hivyo: pamoja na daktari wa magonjwa ya akili, Colin Murray Parkes, walijenga huduma ya wafiwa ndani ya hospisi yenyewe. Shirika la Afya Duniani nalo, likieleza maana ya tiba shufaa mwaka 2002, liliwataja wafiwa waziwazi.

Kwetu msiba haukosi watu. Turubai hufungwa, masufuria huazimwa, rambirambi huandikwa daftarini. Shida huanza matanga yakishaanuliwa. Yule aliyekuwa akimgeuza mgonjwa usiku na kumpa dawa kila baada ya saa nne, ghafla hana la kufanya. Mjane aliye edani ana miezi minne na siku kumi za kukaa. Wageni humjia wiki za mwanzo, kisha hupungua.

Kinachomtafuna sana aliyeuguza ni dozi ya mwisho ya mofini. Alimpa mgonjwa, mgonjwa akalala, hakuamka. Anajiona muuaji, na hathubutu kumwambia mtu. Nesi aliyemjua marehemu ndiye wa kumweleza kwamba dawa ilipimwa ili ipunguze maumivu, na kwamba kilichoua ni ugonjwa wenyewe. Mazungumzo hayo hayafai simu. Bahati nzuri, mofini iliyobaki haifai kuachwa nyumbani, kwa hiyo kuna safari ya kuifuata. Nesi akishapokea chupa, asiondoke, aketi.

Aulize usingizi, chakula, karo, madeni ya hospitali. Aulize pia kama mashemeji wameanza kuitafuta hati ya kiwanja, maana hapo mjane anahitaji mwanasheria kabla ya mshauri nasaha. Kwa maoni yangu, swali hili husahauliwa kuliko yote.

Majonzi yenyewe si ugonjwa, na wengi huyapita kwa msaada wa ndugu na majirani. Lakini yakizidi miezi sita yakiwa makali vilevile, na mfiwa hawezi kazi wala kulea, uainishaji wa magonjwa wa Shirika la Afya Duniani unayatambua kuwa tatizo la kutibiwa. Hapo apelekwe kwa mtaalamu.

Watoto wanaoambiwa "baba amesafiri" tutawazungumzia wiki ijayo.