NYUMBA ISIYOGAWANYWA: Habari za Kijiji cha Wabaski

Mkulima mwenye ekari 20 na wana wanne aijua hesabu hii hata kama hakukaa sana shuleni. Akiwagawia sawasawa, kila mmoja atapata ekari 5. Hao nao wakizaa wana wanne wanne na kugawa vivyo hivyo, kila mjukuu atapata ekari moja na robo. Hapo ng'ombe wa gredi hana pa kulisha, na shamba lililomsomesha baba haliwezi tena kumsomesha mtoto.

Swali hili si la skimu zetu peke yake. Mwezi huu twaeleza habari za wakulima wa Ulaya waitwao Wabaski, ambao walilijibu kwa njia yao wenyewe kwa muda wa karne nyingi. Hatusemi kwamba njia yao ndiyo njema kuliko zote. Ina utamu wake na uchungu wake, na kila msomaji ataupima mwenyewe.

NCHI YAO

Wabaski hukaa mahali milima ya Pyrenees inapokaribia bahari, wengine upande wa Hispania na wengine upande wa Ufaransa. Lugha yao, Kibaski, haina undugu na lugha nyingine yoyote hai inayojulikana.

Tuchukue kijiji kimoja, Ezkio, katika jimbo la Gipuzkoa upande wa Hispania. Ni kijiji kidogo cha watu mia chache tu. Kina kanisa na nyumba chache zilizokaribiana, lakini nyumba nyingi za wakulima zimetawanyika vilimani, kila moja katikati ya shamba lake. Mvua ni nyingi na miteremko ni mikali. Mashamba ya jimbo hilo si makubwa: mengi hayafiki hekta 10, yaani kama ekari 25. Basi msidhani kwamba twasimulia habari za matajiri wenye maelfu ya ekari. Tena zamani wengi wao hawakuwa na shamba lao wenyewe, walikuwa wapangaji wa wenye ardhi.

NYUMBA NDIYO SHAMBA

Wabaski huita nyumba ya mkulima pamoja na shamba lake kwa neno moja, baserri. Kwao nyumba, mashamba, malisho, miti ya matofaa na msitu wa kuni ni kitu kimoja, kama mwili na viungo vyake. Kila nyumba ina jina lake, na zamani mtu aliitwa kwa jina la nyumba anamokaa. Majina mengi ya ukoo ya Wabaski yametoka huko. Kwa mfano, jina la Etxeberria maana yake ni "nyumba mpya".

Katika Ezkio iko nyumba iitwayo Igartubeiti, iliyojengwa katikati ya karne ya 16. Chini palikuwa na jiko na vyumba vya watu, na ng'ombe walilala chini ya paa hilo hilo. Orofani pana kinu kikubwa cha kukamulia matofaa ili kupata pombe yake. Kinu hicho hakikuletwa na kuwekwa ndani, bali nyumba yenyewe ilijengwa kuwa kinu. Boriti kubwa ya mti imevuka nyumba, na upande mmoja imeshikwa na nguzo zinazobeba paa. Upande wa pili pana skurubu ndefu ya mti, na chini yake jiwe zito. Watu wakizungusha skurubu, jiwe huinuka kidogo kutoka ardhini, na uzito wake huivuta boriti chini juu ya matofaa yaliyopondwa. Maji ya matofaa hutiririka kupitia sakafuni hadi kwenye pipa.

Jambo la kujifunza ni hili. Nyumba kama hiyo haiwezi kukatwa vipande viwili. Ukiwapa ndugu wawili, mmoja nguzo na mwingine boriti, hakuna hata mmoja atakayekamua kitu.

JINSI WALIVYOTUNZA UDONGO

Mahindi yalifika kwao kutoka Amerika, nayo yakaenea sana katika karne ya 17. Kabla ya hapo walilima mawele, wakiyaita arto. Mahindi yalipoingia yalilichukua jina hilo, na hata leo arto ni mahindi. Unga wake hukandwa na kuokwa kuwa mkate mwembamba uitwao talo.

Kwa kuwa shamba lilikuwa dogo, hawakuliacha lipumzike bure. Walipanda mahindi pamoja na maharagwe, na maharagwe yalipanda juu ya mabua. Baada ya hayo ilifuata ngano, kisha tanipu, mboga ya mizizi, za kulisha ng'ombe wakati wa baridi. Udongo wa huko una asidi nyingi, kwa hiyo walichoma mawe katika tanuri ili kupata chokaa, wakaimwaga shambani. Walikata kangaga milimani na kuyatandika chini ya ng'ombe. Yakichanganyika na mavi na mkojo yalikuwa samadi njema. Palipokuwa na mteremko mkali walilima kwa laia, uma wa chuma wenye meno mawili. Kila mtu alishika laia mbili, moja kila mkono, akazikanyaga ziingie udongoni, na watu wa nyumba walisimama safu moja wakageuza bonge la udongo kwa pamoja.

Ni wazi kwamba kazi ya namna hii ni ya miaka mingi. Mtu hawezi kumwaga chokaa mwaka hata mwaka katika shamba ambalo anajua kesho litakatwa.

NANI ATARITHI?

Desturi yao ilikuwa kwamba shamba halikatwi. Mtoto mmoja tu hupewa nyumba na shamba lote. Katika Gipuzkoa wazazi walimchagua wenyewe, naye aliweza kuwa mwana au binti. Katika sehemu kadhaa za Wabaski wa Ufaransa, mtoto wa kwanza ndiye aliyerithi, akiwa mume au mke.

Jambo hili halikungojea kifo. Mrithi alipooa au kuolewa, wazazi waliandika mkataba mbele ya mwandishi wa sheria. Mkataba ulisema nani apewa shamba, wazazi watatunzwaje katika uzee wao, na ndugu wengine watapata nini: mahari, fedha, au kufundishwa kazi. Ndugu asiyeoa aliweza kukaa nyumbani, akala na kufanya kazi pamoja na wenzake. Waswahili husema, mali bila daftari hupotea bila habari. Wabaski walilijua jambo hilo vema.

Katika jimbo la jirani la Bizkaia, sheria ya kimila iliyoandikwa mwaka 1526 ilimruhusu mzazi kumpa mtoto mmoja shamba lote na kuwatenga wengine kwa kipande kidogo cha ardhi. Katika maneno ya mikataba, waliotengwa waliachiwa udongo kidogo, mti mmoja na kigae kimoja cha paa. Huo ndio uchungu tuliousema. Mtu alizaliwa katika nyumba, akalima tangu utoto wake, kisha sehemu yake ikawa kigae.

Hao waliotoka walikwenda wapi? Wengine walikuwa mabaharia na wavuvi, wengine mapadre na watawa. Wengi sana walivuka bahari kwenda Argentina na Uruguay, na wengine walichunga kondoo Marekani, katika majimbo ya Nevada na Idaho. Kwa hiyo tusisahau kwamba shamba moja lilibaki zima kwa sababu watoto wengine waliondoka.

MAJIRANI

Nyumba zilizo mbali mbali haziwezi kuishi bila ujirani. Kazi ya pamoja huitwa auzolan. Kila nyumba ilitoa mtu mmoja na jembe lake kutengeneza barabara au kusafisha chemchemi. Palikuwa na vyama vya wenye ng'ombe pia. Ng'ombe wa mwanachama akivunjika mguu na nyama yake ikiwa safi, kila nyumba ilichukua fungu lake la nyama na kulilipia, ili mwenye hasara apate kununua ng'ombe mwingine. Jambo hili lilifanyika pasipo kampuni yoyote ya bima.

Hata kanisani kila nyumba ilikuwa na mahali pake sakafuni, ambapo mwanamke wa nyumba aliwasha mshumaa kwa ajili ya wafu wa nyumba hiyo. Mahali hapo palikuwa pa nyumba, si pa mtu. Watu walipita, nyumba ikabaki.

MAMBO YALIVYOBADILIKA

Katika karne ya 20 viwanda vilijengwa mabondeni. Mjini Beasain, karibu na Ezkio, kiko kiwanda cha kutengeneza magari ya reli. Kijana aliona mshahara wa kila mwezi, saa za kazi zinazojulikana na siku ya mapumziko. Wasichana wengi hawakutaka tena kuolewa shambani, mahali ambapo ng'ombe hukamuliwa Jumapili kama Jumatatu. Zamani taabu ilikuwa nani atapewa shamba. Sasa taabu ikawa nani atakubali kulichukua. Baadhi ya mashamba yalipandwa misonobari, kwa kuwa mti hauhitaji mtu wa kuuamkia alfajiri. Igartubeiti yenyewe ilinunuliwa na serikali ya jimbo, ikatengenezwa, na mwaka 2001 ikafunguliwa kuwa makumbusho. Wakati wa mavuno ya matofaa kinu chake huendeshwa tena mbele ya wageni.

Hata hivyo wakulima hawakuisha. Waliobaki walitafuta jinsi ya kulipwa zaidi kwa mavuno ya shamba dogo. Jibini ya maziwa ya kondoo iitwayo Idiazabal ililindwa kwa sheria mwaka 1987: sharti itokane na maziwa ya kondoo wa kienyeji, na ikae siku 60 au zaidi kabla ya kuuzwa. Soko la Ordizia, ambalo lilipewa ruhusa na Malkia Juana mwaka 1512 baada ya mji kuungua, bado hufanyika kila Jumatano, na bei za hapo hutazamwa na wakulima wa jimbo zima. Nayo desturi ya kutogawa shamba, ambayo watu wa Gipuzkoa walikuwa wakiishika kwa mikataba tu, ilipata nguvu katika sheria ya mwaka 1999, na tena katika sheria ya mwaka 2015 kwa nchi ya Wabaski wa Hispania.

MAMBO YA KUZUNGUMZA NYUMBANI

Kwetu desturi ni nyingine na sheria ni nyingine, na mambo ya hati na urithi yaulizwe katika ofisi ya ardhi. Lakini katika habari hizi kuna maneno matatu ambayo jamaa yaweza kuyazungumza jioni.

Kwanza, Wabaski waliamua mapema, wazazi wangali hai na wenye akili zao, wakaandika. Ugomvi wa ndugu hukua zaidi pale ambapo mzee alinyamaza.

Pili, walimtazama anayefaa kushika shamba, na binti hakusahauliwa. Walijua pia kwamba wanaoachwa sharti wapewe njia nyingine. Shamba likibaki zima, basi na lilipie ada ya shule au ufundi wa wale wasiolirithi. Bila hivyo, mtoto ameachiwa kigae.

Tatu, kutogawa shamba hakutoshi. Shamba zima lisilolipa litakosa mrithi sawasawa na shamba lililokatwa vipande. Kijana hukaa mahali anapoona faida ya jasho lake. Basi mzee atakaye mwanawe abaki shambani, na aanze leo kumwonyesha hesabu ya maziwa na ya mahindi, iliyotumika na iliyopatikana, wala asimwonyeshe jembe peke yake.