Maji Katika Dizeli Yanatugharimu

Msimu wa karafuu ukifika Pemba, gari inayotafutwa kuliko zote ni pikapu ya dizeli. Ndiyo inayopanda vilima vya Konde na Mtambile ikiwa na magunia, ndiyo inayomteremsha mgonjwa usiku wa manane, na ndiyo inayobeba saruji ya skuli na samaki wa mnada. Unguja hali ni hiyo hiyo. Nyingi ya gari hizi hununuliwa zikiwa zimekwisha kutumika ng'ambo, na wala hapana aibu katika hilo, kwani mnyonge hununua anachokimudu. Linalotusumbua ni jingine. Gari hizi zikifika hapa na kufanya kazi mwaka mmoja au miwili, huanza kuugua maradhi ya aina moja: pampu ya dizeli hufa, nozeli huziba au huvuja, na gari hulala gereji mpaka majani yakaota chini ya magurudumu.

Mwenye gari husema ameuziwa gari mbovu. Dereva husema gari imezeeka. Sisi tunasema bila ya kificho kwamba mara nyingi si uzee wala ubovu, bali ni maji, na maji hayo yangeweza kuzuiwa kwa gharama ya filta moja na robo saa ya kazi.

Inafaa kwanza tueleze jinsi mtambo huu unavyofanya kazi, maana asiyejua kitu hawezi kukitunza. Injini ya dizeli haina plagi ya kuwasha moto kama ya petroli. Hewa hubanwa ndani ya silinda mpaka ikawa moto mkali, kisha mafuta hupulizwa humo kama ukungu, yakawaka yenyewe. Ndivyo alivyoibuni Mjerumani Rudolf Diesel, na injini yake ya kwanza iliyofanikiwa ilijaribiwa mwaka 1897. Ili mafuta yapulizwe katika hewa iliyokwisha kubanwa, lazima nayo yasukumwe kwa nguvu kubwa zaidi. Katika pikapu za zamani nguvu hiyo hufika kiasi cha mara 150 ya shinikizo la hewa ya kawaida. Katika gari za mfumo mpya, ule ambao mafundi huuita komoni reli, hupita mara 1,500.

Nguvu hiyo hutoka katika vyuma vilivyochongwa kwa ustadi wa ajabu. Nafasi iliyopo baina ya chuma na chuma ndani ya nozeli ni sehemu chache tu za elfu za milimita moja, hali unywele wa mtu ni kiasi cha sehemu 70. Na vyuma hivyo kwa kawaida havilainishwi na oili ya injini. Hulainishwa na dizeli yenyewe inayopita ndani yake. Basi dizeli ikiwa na maji, vyuma husagana vikavu na kushika kutu, na chembe ya kutu iliyo ndogo kuliko vumbi la unga hutosha kukwaruza pampu nzima. Mfumo mpya ndio dhaifu zaidi kwa jambo hili. Gari ya zamani humvumilia mwenyewe na makosa yake kwa muda. Ya komoni reli haina subira hiyo.

Maji hayo hutoka wapi? Kwanza hutoka hewani. Visiwa vyetu vimezungukwa na bahari na hewa yake ni mbichi. Tangi likiachwa nusu usiku kucha, nusu iliyobaki imejaa hewa hiyo. Mafuta yanapopoa alfajiri, unyevu hugeuka matone kwenye kuta za tangi na kuteremka chini. Dizeli ni nyepesi kuliko maji, kwa hiyo maji hukaa chini kabisa, pale pale mafuta yanapovutwa. Siku moja si kitu. Miezi ikipita, hujilimbikiza. Pili, ziko gari ambazo kifuniko cha tangi kimepotea na mahali pake pametiwa kitambaa au mfuko wa plastiki. Tumeziona, tena nyingine zina nambari za Serikali.

Lakini mlango mkubwa kuliko yote ni pipa. Katika vijiji vilivyo mbali na vituo vya mafuta, na katika miradi ya ujenzi, dizeli huwekwa katika mapipa ya lita 200 yaliyosimamishwa uani. Mvua hunyesha, maji hutuama juu ya pipa ndani ya ukingo wake, na vizibo viwili vimekaa humo humo majini. Mchana jua hulipasha pipa moto, hewa iliyomo hutanuka na kutoka kidogo kidogo. Usiku pipa hupoa, na linapopoa huvuta pumzi. Likivuta, huvuta yale maji kupitia kwenye nyuzi za kizibo, hata kama mtu alikikaza kwa nguvu zake zote. Hakuna aliyetia maji, hakuna aliyeiba, na maji yamo. Wangapi wamegombana na wauza mafuta kwa sababu ya jambo lililofanyika uani kwao!

Dawa yake ni nyepesi. Pipa liwekwe chini ya paa. Kama hapana paa, lilazwe ubavu juu ya magogo, vizibo viwili vikiwa katika mstari mmoja sawa na ardhi, ili vyote viwe vimefunikwa na mafuta kwa ndani, pipa lisiweze kuvuta hewa wala maji. Kabla ya kuteka, lisimamishwe na kuachwa litulie siku nzima, na mpira usiguse chini. Ubakishe kiganja kimoja cha mafuta, kwani humo ndimo ulipo uchafu wote. Aidha dizeli isihifadhiwe katika vyombo vya shaba au vya mabati yaliyopakwa zinki, maana madini hayo huiharibu.

Maji yakikaa muda mrefu huleta na balaa la pili. Mpakani mwa maji na dizeli huota vijidudu visivyoonekana kwa jicho, vikafanya utando mweusi wa kuteleza kama mlenda. Fundi akifungua filta akaukuta utando huo, kubadilisha filta peke yake hakutoshi. Tangi lishushwe, lioshwe, likaushwe.

Sasa tuje kwenye gari yenyewe. Chini ya filta ya dizeli, katika pikapu nyingi, kipo kikombe au kijibomba chenye skrubu ya kutolea maji, na juu yake ipo pampu ndogo ya mkono. Kazi inayotakiwa ni hii: injini ikiwa imezimwa, dereva aweke chupa chini, alegeze skrubu, apige pampu ya mkono mpaka maji yaishe na dizeli safi ianze kutoka, akaze, kisha apige tena mpaka pampu iwe ngumu. Wakati wa masika ifanywe kila wiki, na kiangazi kila mwezi. Filta yenyewe ibadilishwe isipite kilomita 10,000, hata kama kitabu cha gari kinaruhusu zaidi, kwa sababu kitabu hicho hakikuandikwa kwa ajili ya dizeli ya pipa. Tangi lijazwe jioni badala ya asubuhi. Wala gari isiachwe kuishiwa mafuta kabisa njiani. Huvuta hewa na takataka, na pampu ya mfumo mpya hukauka.

Tunaonya pia juu ya jambo la hatari. Mafundi wetu wamezoea kulegeza mabomba ya nozeli ili kutoa upepo. Katika komoni reli jambo hilo lisifanywe kabisa injini ikiwa inawaka. Mafuta yanayotoka kwa nguvu ile hutoboa ngozi ya mtu na kuingia mwilini, na jeraha lake ni la hospitali hata likionekana dogo kama la sindano.

Anayenunua gari iliyotumika naye asitazame rangi peke yake. Aifuate asubuhi kabla haijawashwa, injini ikiwa baridi. Ikipiga stata muda mrefu ndipo iwake, kisha mchana ikawa haina tatizo, huenda mpira wa kuvutia mafuta umepasuka na unaingiza hewa. Mpira huo hauvujishi nje, ndiyo maana wengi hawautambui. Amwage mafuta ya chini ya filta katika chupa ya kioo, ayaache yatulie. Akiona maji, au chembe nyekundu za kutu, basi ameona na bei ya pampu, na ana haki ya kuizungumza kabla ya kutoa fedha zake.

Lipo jambo ambalo wengi hulisema barazani na hawaliandiki. Baadhi ya madereva hunyonya dizeli ya gari za umma wakaiuza kwa madumu, na pengo wakaliziba kwa mafuta ya taa. Mwaka 2011 Serikali ya Muungano iliongeza ushuru wa mafuta ya taa kwa kusudi la kuua biashara ya uchakachuaji, na hilo lilisaidia. Lakini mafuta ya taa ni mepesi, hayana ulaini wa kutosha kwa pampu, na tangu mwaka 2015 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilipohamia dizeli yenye salfa kidogo, ulaini huo hutegemea dawa maalumu inayotiwa kiwandani au bandarini. Ukiyachanganya, umeipunguza na dawa hiyo. Mwizi wa lita 10 kwa hiyo haibi lita 10 tu. Amekula na pampu, na gari ile ni amana ya watu.

Kwa upande wa maofisi tunalo la kusema, na tunalisema kwa heshima. Ombi la filta hukaa mezani likisubiri saini, kwa kuwa ni kitu kidogo na hakina haraka. Gari ikishakufa, ombi la pampu mpya hupata saini zote kwa siku mbili, kwa kuwa sasa ni dharura. Mpango huu unapendeza kwa muuza pampu peke yake. Kila gari ya Serikali ina kitabu cha safari ambamo dereva huandika kilomita na mafuta. Iongezwe safu moja tu, ya tarehe ya kutoa maji na kubadilisha filta, na mkuu wa usafirishaji aitie saini kila mwezi. Nayo filta za mwaka mzima ziagizwe kwa mkupuo na ziwekwe ghalani Unguja na Pemba kabla ya Machi, masika hayajaanza.