Wawili kwa Wawili (3): Kutoka Ikonio hadi Bunkeya

Juma lililopita tuliwaacha Paulo na Barnaba Ikonio, ndani ya sinagogi, Wayahudi na Wayunani wakiamini kwa wingi. Sisi wa Lualaba tuna kisa cha kulinganisha, tena si cha mbali: Bunkeya, kule Lubudi.

Februari 1886 Frederick Stanley Arnot, Mskoti wa Ndugu wa Plymouth, aliwasili hapo akitokea Benguela. Mwami Msiri hakumpokea papo hapo. Kwanza waganga walipiga ramli wajue kama moyo wa mgeni ulikuwa mweupe kama ngozi yake. Mwishoni mwa 1887 Charles Swan na William Faulknor wakamfikia, na mahubiri yakawa ya pamoja.

Waliwahubiria akina nani? Msiri mwenyewe alitoka upande wa Tabora, mwana wa Kalasa mchuuzi wa shaba. Bayeke wake waliishi na Basanga, Balamba na Baluba. Waungwana wa pwani ya mashariki walikuja kutafuta pembe na watumwa; Waovimbundu wa Bihe walileta bunduki na baruti. Mchanganyiko huo uliushinda wa Ikonio.

Lakini Ikonio palikuwa na sinagogi. Myunani aliyezoea kuketi pale siku ya Sabato alikwisha kumsikia Abrahamu kabla Paulo hajafungua kinywa, na Kiyunani kilieleweka na wengi. Bunkeya palikuwa na ua wa Mwami, na mafuvu ya watu juu ya miti ya boma. Nani angethubutu kuitikia kabla ya Mwami? Kwa maoni yangu, ndiyo sababu walioamini enzi zake walikuwa wachache mno. Watoto wa utumwani aliowalea Arnot walilisikia Neno kuliko wakubwa wote wa baraza.

Tarehe 20 Desemba 1891 Kapteni Bodson, wa msafara wa kikoloni wa Stairs, alimpiga Msiri risasi, naye Bodson akauawa. Mji ukatawanyika. Dan Crawford, mmisionari aliyefika 1890, akahamia ziwa Mweru, akajenga Luanza, na watu wa kila kabila wakamfuata: wakimbizi, waliotoka utumwani, wajane. Wakamwita Konga Vantu, mkusanya watu. Sinagogi ambalo Arnot hakulikuta, Crawford alilazimika kulijenga kwa watu waliopoteza mji wao.

Juma lijalo: Listra, ambako Barnaba aliitwa Zeu na Paulo akapigwa mawe.