Ghala la Maji Chini ya Mchanga

Mito mingi ya Ukambani hutiririka siku chache tu kwa mwaka. Mvua za Machi hadi Mei na zile za Oktoba hadi Desemba hushuka kwa kishindo, mto ukafurika kwa saa kadhaa, kisha maji yakakimbilia Athi au Tana hadi Bahari ya Hindi. Baada ya muda mfupi huoni ila mchanga mkavu. Lakini wanawake wa Kitui, Makueni na Machakos wanajua tangu zamani kwamba ukiuchimba mchanga huo utakuta maji. Walichoongeza wahandisi ni ukuta.

Ukuta wenyewe si wa ajabu. Hujengwa kwa mawe na saruji, au kwa zege na nondo, ukakatiza mto kutoka ukingo hadi ukingo juu ya mwamba usiopitisha maji. Mafuriko yanapokuja huleta mchanga na tope. Mchanga ni mzito, kwa hiyo hutua nyuma ya ukuta. Tope jepesi hupita juu na kwenda zake. Baada ya msimu mmoja hadi mitatu, wakati mwingine zaidi, nafasi yote imejaa mchanga. Mtu asiyejua atasema bwawa limeharibika, kumbe ndipo limekamilika, kwa sababu sasa maji hukaa kati ya chembe za mchanga.

Kwa nini tusiyaache wazi, kama kwenye silanga? Kwa sababu ya jua. Katika nyanda hizi, maji yaliyo wazi yanaweza kupoteza kina cha karibu mita 2 kwa mwaka kwa kugeuka mvuke. Ndani ya mchanga mambo ni tofauti: sentimita za juu hukauka haraka, lakini maji yakishashuka chini ya sentimita 60 hivi, jua huwa haliyafikii tena. Mbu hawapati pa kutagia, wala konokono wa kichocho pa kuishi. Isitoshe, sehemu ya maji hupenya kingoni, ikapandisha maji ya ardhini pande zote mbili za mto. Ndiyo maana karibu na bwawa zuri utakuta vitalu vya sukuma wiki, nyanya na miche ya miembe mahali ambapo hapo awali kiangazi hakikuacha jani.

Tupige hesabu. Chukua bwawa la wastani ambalo mchanga wake una urefu wa mita 200, upana wa mita 10 na kina cha mita 1.5. Hizo ni mita za ujazo 3,000. Mchanga wa chembe kubwa hubeba maji ya asilimia 25 hadi 40 ya ujazo wake, tuseme 30. Tumepata lita 900,000. Hata tukitoa theluthi nzima kwa yale yatakayong'ang'ania kwenye chembe au kuvuja, zimebaki lita 600,000. Familia 50 zenye watu 6, kila mtu lita 20 kwa siku, zitakunywa, kupika na kuoga kwa siku 100, bila kuhesabu yale yanayorudi mtoni kutoka kingoni. Kwa mama aliyekuwa akitembea na punda nusu siku kutafuta maji, hayo ni maisha mengine kabisa.

Lakini si kila mto unafaa, na hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Pasipo na mwamba, maji hupita chini ya ukuta. Mto unaoleta tope tupu hujaza bwawa kwa udongo usioachia maji, na ukuta ukiinuliwa mrefu kwa mara moja, tope hutua pamoja na mchanga. Afadhali uinuliwe kwa hatua, msimu kwa msimu. Mashamba ya juu nayo yakikosa matuta ya fanya juu, udongo wake utaishia bwawani. Mhandisi asiyeketi na wazee wa kijiji kuuliza ni wapi maji hukawia mchangani wakati wa ukame hajapima chochote.

Kazi hii ina historia ya kujivunia. Joshua Mukusya na wenzake wa Utooni, Machakos, walianza mwaka 1978, na shirika la SASOL limejenga mamia ya mabwawa haya Kitui. Wanakijiji waliokota mawe na kuchimba msingi kwa mwethya, ile desturi ya Wakamba ya kufanya kazi kwa pamoja, na saruji ndiyo iliyonunuliwa.

Sasa ghala hilo linaporwa. Majengo ya Nairobi na miji jirani yanahitaji mchanga, na fundi hutaka ule safi wa chembe kubwa, yaani ule ule unaobeba maji mengi zaidi. Lori moja la mita za ujazo 10 linaondoka na nafasi ya lita 3,000, mitungi 150 ya lita 20, kila mvua inaponyesha hadi mto urudishe mchanga huo. Yakipita malori mengi, sakafu ya mto hushuka, kingo huporomoka na maji yaliyobaki huanikwa juani. Makueni ilitunga sheria ya kuhifadhi mchanga mwaka 2015 na kuunda mamlaka ya kuisimamia. Ni hatua sahihi, na kila kaunti yenye mito ya msimu inapaswa kuifuata.

Usafi nao usisahaulike. Mchanga huchuja, lakini haumalizi vijidudu, na shimo lililo wazi huchafuliwa na punda na mbuzi. Kisima kilichofunikwa chenye pampu ya mkono, kando ya mto, ni salama zaidi. Vyoo vya shimo vikae angalau mita 30 mbali nacho, na maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa.

Kwa serikali za kaunti, ombi langu ni moja: pimeni eneo lote la mchanga nyuma ya kila bwawa, liwekeeni mipaka, na humo kusitolewe kibali cha kuchota hata lori moja. Nawe unayejenga, muulize anayekuuzia mchanga ameutoa mto gani, na akishindwa kujibu, usinunue.