Mwongozo wa fundi anayeanza ndio kinga ya takwimu za afya Migori na Homa Bay

SIMU ya mkononi imechukua nafasi ya daftari katika kazi ya wahudumu wa afya ya jamii nchini Kenya. Mnamo Septemba 25, 2023, Rais William Ruto alizindua katika bustani ya Uhuru, Nairobi, mpango wa kuwakabidhi wahudumu wapatao 100,000 vifaa vya kazi, na simu ikawa miongoni mwa zana zao. Tangu hapo, habari za mama mjamzito wa Nyatike au mtoto mwenye homa huko Ndhiwa huandikwa kwenye simu hiyo, ndani ya mfumo wa Wizara ya Afya unaojulikana kama eCHIS.

Mengi yamesemwa kuhusu simu hizo, posho za wahudumu na mafunzo yao. Jambo moja halijazungumzwa sana, nalo ni maandishi anayoyasoma fundi wa kompyuta anapojaribu kuusimamisha mfumo wa namna hii kwa mara ya kwanza. Maandishi hayo yakiwa na kasoro, fundi hukwama mapema, na kaunti hubaki ikimtegemea mtu wa mbali kwa kila marekebisho.

Ili kuelewa uzito wa jambo hili, yafaa kwanza kujua mfumo wenyewe unavyofanya kazi.

Daftari moja, nakala nyingi

eCHIS imejengwa juu ya Community Health Toolkit, programu huria inayosimamiwa na shirika la Medic. Programu hiyo huhifadhi kumbukumbu zake katika CouchDB, hifadhidata iliyobuniwa mwaka 2005 na mtaalamu wa Marekani, Damien Katz, na ambayo sasa iko chini ya wakfu wa Apache. Ndani ya simu ya mhudumu hukaa hifadhidata ndogo iliyo ndugu yake, PouchDB.

Hifadhidata ya aina hii huitwa tawanyifu kwa sababu kumbukumbu zake hazikai mahali pamoja. Mfano wake ni chama cha akina mama ambacho kila mwanachama ana daftari lake. Kila mmoja huandika anayoyapata, na wanapokutana hulinganisha madaftari hadi yote yafanane. Vivyo hivyo, mhudumu aliye katika kisiwa cha Mfangano, mahali mtandao unapokatika, huendelea kujaza fomu bila wasiwasi. Simu inapopata mtandao, hupeleka yaliyoandikwa kwenye seva na kupokea yale mapya yanayomhusu.

Ikitokea watu wawili wamebadilisha kumbukumbu ile ile kabla ya kukutana mtandaoni, CouchDB huchagua toleo moja la kuonyeshwa na kulihifadhi lile jingine kama mgongano unaosubiri kutatuliwa. Hakuna kinachofutwa kimyakimya. Hata hivyo, mtu asiyejua jambo hilo anaweza kudhani kuwa taarifa zimepotea. Aidha, fundi mgeni anaweza kufuta kumbukumbu za simu kwa nia ya kuirekebisha, kumbe mle ndani mna fomu ambazo hazijafika kwenye seva. Hizo hazirudi tena.

Dirisha la amri

Mfumo huu haurekebishwi kwa kubonyeza picha kwenye kioo. Kazi kubwa hufanywa kwa programu iitwayo cht-conf, ambayo hapo awali iliitwa medic-conf. Programu hiyo haina vitufe. Fundi hufungua dirisha la kuandikia amri, akaandika sentensi fupi, na kompyuta ikatekeleza.

Tuseme wakuu wa afya wameamua kuongeza swali kuhusu dalili za hatari kwa mjamzito. Swali huandikwa katika jedwali la Excel. Kisha cht-conf huligeuza jedwali hilo kuwa fomu inayosomwa na simu, na kuipakia kwenye seva. Kutoka hapo fomu husambaa hadi kwa wahudumu. Kwa hiyo anayeweza kuitumia cht-conf ndiye anayeweza kubadilisha yale yanayoulizwa nyumbani kwa watu.

Ugumu ni kwamba kabla ya kuandika amri ya kwanza, fundi hana budi kuandaa mambo kadhaa. Anahitaji Node, ambayo ndiyo inayoiendesha cht-conf. Anahitaji Python kwa ajili ya kugeuza majedwali. Anahitaji Docker ili kusimamisha seva ya majaribio katika kompyuta yake. Ikiwa kompyuta ni ya Windows, itabidi aweke pia Linux ndani yake. Kila moja kati ya hizo ina matoleo yake, na matoleo yasipopatana kazi husimama.

Mahali anayeanza anapojikwaa

Kasoro za miongozo ya namna hii hufanana kote duniani, kwa sababu chanzo chake ni kimoja: huandikwa na wajuzi. Mjuzi amekwishasahau alichokuwa hajui. Kompyuta yake imesheheni zana alizoweka miaka mingi iliyopita, naye huandika hatua ya nne akiamini kuwa tatu za mwanzo zinajulikana na kila mtu.

Kasoro ya pili ni kutotaja toleo. CouchDB yenyewe inatoa mfano mzuri. Zamani mtu aliweza kuiwasha na kuanza kuitumia bila nywila yoyote, na kila aliyeifikia akahesabiwa kuwa msimamizi. Toleo la 3.0, lililotoka mwaka 2020, lilikomesha hali hiyo: seva haikubali kuanza kazi mpaka msimamizi na nywila yake viwekwe. Badiliko hilo lilikuwa la busara, lakini anayefuata mwongozo ulioandikwa kabla ya hapo hutazama seva ikigoma bila kujua kosa lake ni lipi. Kabla ya hilo, toleo la 2.0 la mwaka 2016 lilimtaka anayetumia seva moja aunde mwenyewe hifadhidata chache za ndani ya mfumo; asipoziunda, taarifa za makosa hujirudia bila kikomo.

Kasoro ya tatu ni kumwacha msomaji gizani baada ya kila amri. Mwongozo humwambia aandike hiki na kile, usimwambie atakachokiona. Kompyuta ikinyamaza, je, imefaulu au imekwama? Katika zana nyingi za dirisha la amri kimya ni dalili ya mafanikio, lakini anayeanza hana namna ya kulijua hilo.

Kasoro ya nne inahusu onyo la cheti cha usalama. Seva ya majaribio iliyo katika kompyuta ya fundi kwa kawaida hutumia cheti kilichojitengenezea chenyewe, na cht-conf hukikataa mpaka iambiwe waziwazi ikikubali. Mwongozo ukitoa amri ya kuruka ukaguzi huo bila kueleza kuwa ni ya majaribio pekee, fundi ataizoea na kuitumia hata kwenye seva yenye taarifa za wagonjwa.

Ya mwisho ni nywila. Mifano mingi huiweka nywila ndani ya anwani ya seva, katika amri ile ile. Dirisha la amri huhifadhi kila kilichoandikwa, kwa hiyo nywila hubaki mle kwa yeyote atakayekaa kwenye kompyuta hiyo baadaye. Ipo njia nyingine, nayo ni kutaja jina la mtumiaji tu na kuiacha cht-conf iulize nywila. Njia hiyo ndiyo ingepaswa kuwa ya kwanza kufundishwa, hasa kwa kuwa Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inazihesabu habari za afya ya mtu kuwa nyeti.

Kwa nini Migori na Homa Bay

Kasoro hizi zingeweza kuchukuliwa kuwa usumbufu mdogo mahali ambapo mtaalamu yuko chumba cha pili. Katika kaunti hizi mbili za kusini mwa Nyanza mambo ni tofauti.

Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 1,131,950 katika Homa Bay na 1,116,436 katika Migori. Kwa kawaida mhudumu mmoja hutarajiwa kuhudumia kaya zipatazo 100, hivyo simu zinazopeleka taarifa ni nyingi mno. Utafiti wa kitaifa wa KENPHIA wa mwaka 2018 ulionyesha kuwa asilimia 19.6 ya watu wazima wa Homa Bay walikuwa wakiishi na virusi vya Ukimwi, kiwango cha juu kuliko kaunti nyingine zote, na asilimia 13.0 katika Migori. Mahali penye mzigo kama huo, mgonjwa aliyeacha kuhudhuria kliniki au mjamzito ambaye hajapimwa hujulikana mapema pale tu taarifa zinapofika.

Tangu ugatuzi wa mwaka 2013, huduma za afya zimo mikononi mwa serikali za kaunti. Lakini kwa miaka mingi ujuzi wa kompyuta wa sekta hiyo umelipiwa kwa sehemu kubwa na wafadhili. Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje Januari 2025, na shirika la USAID likafungwa rasmi Julai mwaka huo, miradi mingi ya Ukimwi nchini ilitikisika pamoja na watumishi wake. Mtumishi anapoondoka, yale aliyoyajua kichwani huondoka naye. Kinachobaki ni kile kilichoandikwa, tena kikaandikwa vizuri.

Mgeni njoo, mwenyeji apone

Dawa ya tatizo hili haihitaji fedha nyingi. Inaanza na kompyuta tupu na mtu ambaye hajawahi kuufanya usakinishaji huo. Mtu huyo hupewa mwongozo, na aliyeuandika hukaa kando bila kusema neno. Kila mahali anapositasita, anaporudi nyuma au anapotafuta msaada kwingine, ndipo mwongozo unapohitaji kurekebishwa. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapa mgeni ndiye anayeuona ufa ambao mwenyeji amezoea kuuruka.

Wageni wa aina hiyo hawako mbali. Chuo Kikuu cha Rongo, kilichopata hati yake mwaka 2016, kiko Migori. Chuo Kikuu cha Tom Mboya, kilichopata yake mwaka 2022, kiko Homa Bay. Mwanafunzi anayesoma kompyuta katika chuo chochote kati ya hivyo ndiye msomaji hasa ambaye mwongozo unapaswa kumfaa, kwa kuwa huenda kesho akawa ndiye fundi wa kaunti. Na kwa vile programu hii ni huria, marekebisho anayoyapendekeza yanaweza kuingizwa katika mwongozo rasmi na kumsaidia mwenzake wa Nepal au Uganda.

Mwongozo uliokwisha kupitia jaribio hilo hujulikana kwa dalili zake. Hutaja mwanzoni kila kinachohitajika na toleo lake, pamoja na tarehe ulipojaribiwa mara ya mwisho. Baada ya kila amri huonyesha jibu linalotarajiwa. Hutenganisha seva ya majaribio na seva ya kazi, na hutumia majina ya kubuni badala ya wagonjwa halisi. Huyataja makosa yanayotokea mara kwa mara kwa maneno yale yale yanayoonekana kwenye kioo, ili anayekwama ayatafute na kuyapata. Tena hueleza jinsi ya kurudi nyuma hatua inapoharibika.

Lugha nayo ina sehemu yake. Programu ya Community Health Toolkit inaweza kumsemesha mhudumu kwa Kiswahili, lakini miongozo ya fundi iko kwa Kiingereza. Si lazima yote itafsiriwe kwa siku moja. Sentensi fupi, zisizo na mafumbo wala mizaha ya kigeni, zingemtosha fundi wa Kehancha au Mbita kuanza kazi, huku tafsiri ya kurasa za mwanzo ikiandaliwa.

Kaunti inayonunua simu hukagua idadi yake, betri zake na dhamana yake. Inafaa pia ikague kama mtumishi wake mpya, akiwa na mwongozo peke yake, anaweza kusimamisha seva ya majaribio, kubadilisha swali moja katika fomu na kuliona likitokea kwenye simu. Akiweza, kaunti inaumiliki mfumo huo. Asipoweza, siku mtaalamu wa mradi atakapofunga virago, maswali anayouliza mhudumu wa Mfangano yatabaki yale yale, hata kama ugonjwa umebadilika.