Kindu, mji uliozaliwa na reli na kukatwa na mto

Kwenye karatasi, Kindu ni mji mmoja wenye komini tatu: Kasuku, Mikelenge na Alunguli. Kwa miguu ni miji miwili. Kasuku na Mikelenge ziko ukingo wa magharibi wa mto Lualaba, pamoja na gare, bandari, uwanja wa ndege na ofisi za jimbo la Maniema. Alunguli iko peke yake ng'ambo ya mashariki. Mama anayetoka huko na mihogo yake kwenda kuuza Kasuku hupanda mtumbwi, na jioni hupanda mwingine kurudi.

Sababu ya mpango huu ni ya zamani kuliko wakaaji wote wa leo.

Wakati wa biashara ya pembe na ya watumwa, miji mikubwa ya Maniema ilikuwa juu zaidi mtoni: Nyangwe na Kasongo. Huko ndiko walikokaa Tippu Tip na wafanyabiashara wenzake waliotoka pwani, na Kiswahili chetu kilikuja na misafara yao. Nyangwe na Kasongo zilianguka mikononi mwa askari wa Leopold mwaka 1893. Baada ya hapo wakubwa wapya hawakutafuta soko. Walitafuta mahali pa kushushia mizigo.

Kindu ilifaa. Kutoka hapa hadi Ubundu, kiasi cha kilomita 300 kwenda kaskazini, maji yametulia na boti hupita. Ukielekea kusini unakutana na mawe na maporomoko, na boti kubwa haiendi mbali. Kampuni ya reli ya CFL, ya tajiri Mbelgiji Édouard Empain, ilianzishwa mwaka 1902. Ilijenga kwanza kilomita 125 kati ya Kisangani na Ubundu ili kukwepa maporomoko ya huko, kisha kilomita 355 kati ya Kindu na Kongolo, zilizokamilika kufikia 1911. Mji ukaitwa Kindu-Port-Empain. Empain huyo huyo ndiye aliyekuwa na kampuni ya metro ya Paris. Mfaransa wa Paris na mpakuzi wa mizigo wa Kindu walikuwa na bosi mmoja, ingawa mishahara, bila shaka, haikufanana.

Reli ilipita upande wa magharibi, na kila kitu kikaifuata: magodauni, nyumba za wazungu, ofisi. Mwaka 1988, Kivu ilipogawanywa na Maniema ikawa jimbo, makao makuu yakakuta nafasi yake tayari upande ule ule.

Mbali na hapa, jina la Kindu linajulikana kwa jambo la huzuni. Mnamo Novemba 1961 wanajeshi 13 wa ndege wa Italia, waliokuwa wakiitumikia ONU, waliuawa mjini humu. Huko Pisa wamejengewa mahali pa ukumbusho penye jina la Kindu.

Leo treni kutoka Lubumbashi bado ndiyo tumaini la soko. Isipofika kwa wiki kadhaa, bei ya chumvi, sukari na simenti hupanda, na kinachobaki huja kwa ndege, ambayo haibebi kwa bei ya maskini.

Lakini tazama ramani vizuri. Kalima, Pangi, Kasongo na hata Bukavu ziko upande wa Alunguli. Barabara zote za kwenda mashariki zinaanzia kwenye komini ile iliyoachwa ng'ambo. Lori linalotoka huko hufika ukingoni, likaiona gare upande wa pili, kisha likasubiri kivuko. Kivuko kikiharibika, magunia hushushwa mabegani na kuingizwa kwenye mitumbwi, gunia moja moja. Alunguli ina watu, ina njia na ina mashamba. Daraja ndilo haina.