Kwa Nini Bomu Lataka Hesabu Nyingi?

Vijana wetu wa Tegeta walituuliza baada ya darsa: ikiwa dola kubwa zimeacha kuripua mabomu ya atomiki kwa majaribio, mbona zingali zikiunda kompyuta kubwa kupita zote kwa ajili ya mabomu hayo hayo? Swali hili ni jema, nasi twalijibu.

Marekani ilifanya jaribio lake la mwisho Septemba 1992. Tangu hapo silaha zake zazeeka ghalani, wala haziripuliwi ili ijulikane kama zingali nzima. Kwa hiyo mripuko huigizwa kwa hesabu.

Chukua tofali moja la saruji ya Wazo. Ukilikata nusu kwa urefu, kwa upana na kwa kimo, utapata vipande vinane. Wataalamu huligawa bomu namna hiyo, kila kipande wakakihesabia joto lake, mkandamizo wake na miale ipitayo ndani yake. Wakitaka kuona kwa uangavu maradufu, vipande huwa mara 8. Na kwa kuwa hatua za wakati nazo hazina budi kupunguzwa nusu, kazi yote huwa mara 16. Wakirudia tena, huwa mara 256. Ndiyo maana kompyuta iitwayo El Capitan, iliyoko California, hufanya hesabu zaidi ya bilioni bilioni moja kwa sekunde.

Lakini hesabu hupimwa kwa mizani ya majaribio ya zamani, na majaribio hayo yalikuwa na watu wake. Baina ya 1960 na 1966 Ufaransa iliripua mabomu 17 katika jangwa la Algeria, nchi ya ndugu zetu Waislamu. Sumu yake ingali ardhini.

Afrika haikunyamaza. Mkataba wa Pelindaba wa 1996, ulioanza kutumika 2009, waharimisha silaha hizi barani mwetu. Na hapa Dar es Salaam kipo kituo kinachochuja hewa kutafuta vumbi la miripuko ya siri.

Enyi vijana, jifunzeni hesabu, kwani elimu ni amana. Lakini Mtume wetu (S.A.W.) alikataza kuua wanawake na watoto vitani, na bomu hili halibagui. Basi kila mwenye kalamu ajiulize: hesabu yangu yamtumikia nani? Siku ya Kiyama ataulizwa.